Nani ashike maiki: mtangazaji wa mpira, DJ wa filamu au mchezaji mwenyewe?

Ukumbi umepatikana, viti vimepangwa, PlayStation mbili zimewashwa, kamera iko juu ya stuli, na fainali ya Tekken, gemu ya mapigano ya mtu na mtu, inaanza saa kumi na moja jioni. Kilichobaki ni mtu wa kushika maiki. Hapo waandaaji wengi hufanya nilichofanya mimi mara ya kwanza: humtafuta mwenye sauti kubwa kuliko wote mtaani.

Wangu alikuwa kijana anayetangaza mechi za ndondo, mpira wa mtaani. Sauti anayo, pumzi anayo, na hakwami neno. Kufika mechi ya tatu kila aliyekuwa ukumbini alijua kwamba fulani amepigwa ngumi, amepigwa teke, amepigwa tena ngumi. Kwa nini anapigwa, hakuna aliyejua. Baada ya mashindano dada mmoja aliyekuja kumsindikiza mdogo wake akaniuliza, "Sasa yule aliyeshinda alimzidi nini mwenzake?" Nikaanza kumweleza. Nilipomaliza akasema, "Mbona haya hakuyasema yule mwenye maiki?"

Tangu hapo nimewasikiliza watu wa namna tatu wakifanya kazi hii kwa Kiswahili, na nimeifanya mwenyewe, vibaya na vizuri. Nawalinganisha hapa kwa ajili ya mtu mwenye mashindano yake wiki mbili zijazo na nafasi ya kiti kimoja au viwili mezani.

Kwanza tuukubali ugumu wenyewe. Gemu hizi huenda fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 kila sekunde. Ngumi nyepesi kuliko zote katika Street Fighter 6, gemu nyingine ya mapigano, hutoka ndani ya fremu 4. Ile ya Tekken hutoka ndani ya fremu 10, yaani sehemu ya sita ya sekunde. Hata Drive Impact, pigo zito linaloonekana linakuja, huchukua fremu 26, chini ya nusu sekunde. Kabla hujamaliza kutamka neno "ngumi", ngumi imeshafika, imezuiwa, na jibu lake liko njiani. Anayetaka kutaja kila pigo ameshachelewa kabla hajaanza.

Mtangazaji wa mpira

Huyu ni mtoto wa redio, na redio ndiyo iliyotufundisha wengi wetu kusikiliza mchezo. Msikilizaji wa redio hana picha, kwa hiyo mtangazaji lazima amchoree kila kitu: mpira uko wapi, nani anao, anaelekea upande gani. Kwenye mechi za gemu msikilizaji ana kioo mbele yake. Ukimwambia "anaruka" wakati anaona anaruka, humpi kitu.

Lakini usimtupe haraka. Ana mambo mawili ambayo wengine hawana. La kwanza ni pumzi: anajua kuipandisha sauti polepole mpaka hata mtu aliyekuwa anaangalia simu anainua kichwa. La pili ni hadithi ya mashindano. Yeye ndiye atakayekumbuka kwamba hawa wawili walikutana asubuhi, kwamba huyu alitolewa na yule mwaka jana, kwamba aliyevaa kofia amesafiri kutoka Arusha na bado hajala. Mwaka 2019 Arslan Ash, mchezaji kijana wa Lahore, Pakistan, alifika Evo Japan, moja ya mashindano makubwa ya gemu za mapigano, baada ya misukosuko ya safari, akachukua Tekken 7, kisha mwaka huohuo akachukua na Evo ya Las Vegas. Kombo zake, yaani mapigo yake ya mfululizo, zilikuwa kali, lakini kilichowafanya watu wasio wachezaji wakae macho ni hadithi: ametoka nchi ambayo ramani ya mchezo haikuwa nayo, na baada ya kushinda alisema nyumbani kuna wengine wakali kama yeye. Hadithi ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuibeba, na mtangazaji wa mpira huibeba vizuri kuliko mchezaji, ambaye mara nyingi hudhani kila mtu anaijua.

Udhaifu wake mkubwa ni kuogopa kimya. Kwenye redio kimya cha sekunde tano kinamfanya msikilizaji adhani kituo kimekatika. Hapa sekunde tano za kimya zinaweza kuwa ndiyo utangazaji wenyewe, nami nitalirudia hilo.

DJ wa filamu

Aliyekulia kwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea video mtaani, anamjua. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina ma-VJ wao wanaofanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda. Mtu anakaa na maiki, filamu ya Kichina au ya Kihindi inakwenda, naye anaongea juu yake: anatafsiri, anaongeza, anawapa wahusika majina ya mtaani, anamcheka adui, anamwonea huruma mama wa sterlingi. Kabla gemu hazijaitwa michezo ya kielektroniki, sisi tulikuwa na ufundi kamili wa kuongea juu ya watu wanaopigana kwenye kioo. Nashangaa jinsi waandaaji wanavyousahau.

Faida yake ni kwamba haongezi sauti tu, anaongeza maana. Shangazi yangu hajui Tekken ni nini, lakini ukimwambia "huyu kaja kudai deni, na yule amejificha nyuma ya mlango," anaelewa nani anashambulia na nani anajikinga. Ukumbi wenye watoto, wapita njia na wazazi waliokuja kuchukua watoto ni wake kabisa.

Kuna shimo moja, nalo ni refu. DJ wa filamu ameshaiangalia filamu. Anajua sterlingi hafi, anajua mlango utavunjwa dakika ya arobaini, kwa hiyo utani wake unaangukia mahali pake. Mbele ya mechi ya moja kwa moja hajui kitakachotokea, na utani alioanza kuujenga unakatwa katikati na mtu aliyeshinda ghafla. Nimewahi kumsikia mmoja anamalizia kichekesho kuhusu bajaji huku raundi imeshakwisha na wachezaji wanasubiri raundi ya pili. Watu walicheka. Mchezaji aliyepata ushindi wa maisha yake hakupata hata neno.

Mchezaji

Huyu anajua. Anajua pigo gani likizuiwa linamwacha mpigaji wazi, anajua kwa nini mtu amerudi nyuma hatua mbili bila kuguswa, anaona woga kabla haujageuka kosa. Hakuna anayeweza kuchukua nafasi yake katika kujibu lile swali la yule dada.

Tatizo la kwanza ni kwamba mchezaji mzuri bado yumo mashindanoni. Huwezi kumpa maiki ya nusu fainali mtu anayecheza nusu fainali. Suluhisho langu ni kumchukua aliyetolewa mapema. Usimwonee haya. Yule aliyepoteza raundi ya pili amecheza leo na mmoja wa wanaofika fainali, amezionja ngumi zake, na kidonda bado kibichi. Akisema "hapa ndipo aliponimaliza mimi," ukumbi mzima unasogea mbele. Mwache kwanza anywe maji na apoe, ndipo umpe maiki.

Tatizo la pili ni lugha. Anaongea kama anaongea na wenzake: "hiyo ni mainasi kumi na mbili, alikuwa na plas, angeweza kukansel." Watu kumi wanaelewa, mia wanaangalia dari. Tatizo la tatu ni sauti. Wachezaji wengi wakishika maiki hunong'ona kama wako msibani.

Tukio moja, midomo mitatu

Maelezo peke yake hayatoshi, kwa hiyo tuchukue tukio linalotokea kila siku katika Street Fighter 6. Ken na Marisa ni wahusika wanaopigana. Ken amebanwa kona. Mita yake ya Drive, akiba ya nguvu ya vijisanduku sita chini ya damu (mstari wa uhai), imekwisha kabisa. Marisa anamjia. Ken anaruka ili atoroke, Marisa anamtungua angani, raundi imekwisha.

Mtangazaji wa mpira: "Marisa anasogea, anasogea, Ken amebanwa, Ken yuko kona, anazuia, anazuia tena, Ken anaruukaaa — lo! Ametunguliwa! Ametunguliwa angani, mpenzi mtazamaji! Ken chini!"

DJ wa filamu: "Kijana nywele za dhahabu kaingia chumba kisicho na mlango. Na mama mwenye nyumba huyooo, kodi ya miezi mitatu! Kijana anasema ngoja nitokee dirishani... kumbe mama kasimama dirishani toka asubuhi!"

Mchezaji: "Ken hana Drive. Akizuia Drive Impact akiwa ukutani hivi, atapigwa butwaa, kwa hiyo lazima atoke. Na mwenzake anajua lazima atoke. Angalia, Marisa hapigi kitu, anasubiri aruke." Kisha kimya. Ken anaruka. "Ndiyo hiyo."

Wa kwanza ametupa moto bila sababu. Wa tatu ametupa sababu, na zaidi ya hapo ameitoa kabla: tukio lilipofika, kila mtu alikuwa ameshalingoja. Lakini msomaji, mwangalie tena wa pili. Dirisha lake ni kuruka kwa Ken, na mama aliyesimama dirishani ni kungoja kwa Marisa. Ameeleza jambo lilelile la mchezaji bila kutaja mita wala fremu. Angekuwa na mtu wa kumnong'oneza pembeni kwamba Ken hana pa kutokea ila juu, angelisema kwa makusudi na kwa wakati wake.

Hapo ndipo uamuzi wangu ulipo: usichague mmoja kama unaweza kupata wawili, na ukipata wawili, mmoja lazima awe mchezaji.

Wawili mezani

Walioendelea katika kazi hii walifika hapo zamani. Tekken ya kimataifa ilipata ladha yake kwa miaka mingi kutoka kwa Tasty Steve na Rip, na Street Fighter kwa James Chen na UltraDavid. Ukiwasikiliza utaona hawagawani muda nusu kwa nusu. Wanapokezana kwa jinsi mchezo unavyokwenda: mapigo yakiwa mengi anaongea mmoja, yakitulia anaingia mwingine.

Kosa la wawili wetu wengi ni wote kupiga kelele kwa pamoja tukio kubwa linapofika. Mtazamaji wa simuni hapo anasikia mkwaruzo tu. Weka sheria moja kabla ya kuanza, nayo inatosha: raundi ikiwa moto, maiki ni ya mtangazaji au DJ; baada ya raundi na wakati wa marudio, ni ya mchezaji. Mchezaji ana ruhusa ya kuingilia kati mara moja tu kwa raundi, kwa sentensi moja, akiona jambo linakuja. Wakae bega kwa bega na wawe na ishara. Kugusana kiwiko kunatosha.

Na waulizane. Mtangazaji asiyejua gemu ni mali ukimfundisha kuuliza badala ya kujifanya anajua. "Mwalimu, mbona amerudi nyuma na damu anayo?" Swali hilo moja limemsaidia kila mgeni ukumbini. Mchezaji naye asimjibu kwa kumdharau. "Umeuliza vizuri kaka, anarudi nyuma ili mwenzake apige hewa, halafu amwadhibu." Basi. Sekunde sita.

Halafu kuna kimya. Mwaka 2004 huko California, kwenye Evo, Daigo Umehara akicheza na Ken alibakiwa na damu kama uzi dhidi ya Chun-Li wa Justin Wong, katika Street Fighter III: 3rd Strike. Damu ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata kuzuia kungemuua, maana supa hula damu kidogo hata ikizuiwa. Justin akaachia supa, pigo lake kubwa kuliko yote, mapigo 15. Daigo akayapangua yote moja baada ya jingine, yaani akayapokea kila moja kwa wakati wake kamili bila kupoteza damu, kisha akammaliza. Video hiyo imetazamwa na vizazi vya wachezaji, na kinachosikika zaidi humo ni umati unavyopanda kama maji ya mvua. Ingekuwa na mtu anayehesabu "moja, mbili, tatu" juu yake, ingeharibika. (Daigo hakushinda mashindano yale, fainali alifungwa na Kenji Obata. Watu wengi wanadhani alishinda.)

Tukio la namna hiyo linataka mtangazaji afanye kazi yake sekunde tano kabla: aseme kwamba akizuia anakufa, hana njia ila kupangua. Kisha anyamaze. Tekken 7 ilisaidia kwa kuweka mwendo wa polepole pale wote wawili wakiwa na damu kidogo na wanarusha mapigo kwa wakati mmoja. Gemu yenyewe inakuambia funga mdomo. Utashangaa ni wangapi huendelea kuongea.

Kiswahili kipi?

Hapa naona tunajinyima bure. Waandaaji huniambia istilahi za gemu hazina Kiswahili, lakini mpira na masumbwi vimeshatupa karibu zote. Kipa anapangua shuti, na Daigo alipangua supa: ni neno lilelile na kitendo kilekile. Anayeruka akapigwa juu ametunguliwa. Pigo la chini la kuangusha ni ngwala, au amekatwa mtama. Aliyepiga hewa ameadhibiwa. Mtu anayeamka kutoka chini bila kujua atapigwa juu, atapigwa chini au atakamatwa, huyo yuko njia panda, na hakuna Kiingereza kinachosema vizuri zaidi ya hapo. Wakiwa katikati ya uwanja hakuna aliyemgusa mwenzake, wanaviziana.

Kombo, supa, raundi na fremu ziache kama zilivyo, zimeshakuwa zetu. Majina ya gemu yenyewe kama Drive Impact au Rage Art (pigo kubwa la Tekken la aliyebakiwa na damu kidogo) yataje, kisha yaeleze mara moja mwanzoni mwa matangazo. Fremu zenyewe zitaje kwa kiasi: "pigo hili likizuiwa yuko wazi" ni bora kuliko tarakimu, isipokuwa ukijua wanaokutazama ni wachezaji watupu.

Sheng kwa Nairobi ni sawa, na mechi ya Tekken ya Nairobi isiyo na Sheng inasikika kama taarifa ya habari. Lakini matangazo yakiwa mtandaoni na una watazamaji Tanga, Bujumbura na Maskati, punguza. Sisemi uongee kama kamusi. Sema tu yale ambayo mtu wa Tanga hatalazimika kuuliza.

Ukumbini au kutoka nyumbani

Chagua ukumbini kama kuna nafasi. Aliye nyumbani anaona picha iliyochelewa, na akipiga kelele "amekwisha!" wakati ukumbi ulishapiga kelele kabla yake, watazamaji wanasikia mwangwi wa ajabu. Kama huna budi, watangazaji wote wawili waangalie matangazo yaleyale, yenye ucheleweshaji uleule, na sauti ya ukumbi ipunguzwe. Wakiwa ukumbini wape vipokea sauti vya kufunika masikio, wasikie gemu yenyewe. Mtu asiyesikia mlio wa supa ataiona amechelewa.

Na ile sauti ya ndani ya gemu?

Street Fighter 6, iliyotoka Juni 2023, ina utangazaji wake yenyewe: sauti zilizorekodiwa na watangazaji halisi, Tasty Steve na James Chen wakiwamo, zinazofuata mechi inavyokwenda. Kwa mazoezi ya nyumbani ni kitu kizuri, na kwa anayejifunza kazi hii ni shule ya bure: sikiliza wakati gani inasema na wakati gani inanyamaza. Kwa mashindano, hapana. Haijui kwamba hawa wawili ni mtu na kaka yake.

Kwa hiyo umchukue nani

Ukumbi wa watu mchanganyiko, wengi hawachezi: DJ wa filamu mbele, mchezaji pembeni yake mwenye ruhusa ya kunong'ona. Ukiwa na pesa ya mtu mmoja tu, mlipe DJ, na mpe mchezaji chakula na maiki ndogo.

Matangazo ya mtandaoni: mtangazaji wa mpira aliyefundishwa kunyamaza, na mchezaji. Hapa DJ anachosha. Mtu aliye peke yake na simu saa nne za usiku hahitaji kuchekeshwa kwa saa tatu mfululizo.

Wachezaji watupu, watu ishirini kwenye kibanda cha PlayStation: mchezaji mmoja peke yake, wala asijisumbue kupandisha sauti.

Na kama una mtu mmoja tu na hujui ni wa aina gani, mpime siku moja kabla. Mwekee mechi iliyorekodiwa asiyoijua, dakika kumi, na umrekodi akiitangaza. Kisha mtafute mtu wa nyumbani asiyecheza gemu, mama au jirani. Mwonyeshe kwanza bila sauti, aandike maswali yake kwenye karatasi. Kisha mwonyeshe tena na sauti, afute kila swali lililojibiwa. Yule kijana wangu wa ndondo nilimpima hivyo kabla ya mashindano ya pili, na karatasi ilirudi na maswali yote. Nikamwekea pembeni binti aliyetolewa raundi ya kwanza, nikamwambia kijana kazi yake ni kumuuliza. Karatasi iliyofuata ilibaki na mawili, na moja lilikuwa: "Yule mnyama ni dubu kweli?"

Ni dubu kweli. Anaitwa Kuma.